Paka wa Siamu na Ukungu wa Lushoto

Serikali ilipochukua mashamba ya walowezi, mama wa Kizungu ambaye mama yangu alikuwa akimfulia nguo alifungasha virago, akatuachia paka wake. Mwili ulikuwa rangi ya maziwa, macho ya buluu. Uso, masikio, miguu na mkia vyeusi kama masizi ya chungu. Alisema asili ya paka huyo ni Siamu, mbali huko Asia, na kwamba wa aina yake huzaliwa weupe pe, baridi ndiyo inayowatia weusi. Baba alicheka mpaka akakohoa.

Paka yule alikuwa na mdomo. Ukimsemesha, anajibu. Na sauti yake, Mungu anisamehe, ilikuwa ya kichanga, nasi mwaka uleule tulikuwa tumezika kichanga. Alimchagua mama. Alimfuata shambani na mtoni, na mama akinikumbatia mimi, paka ananikwaruza. Nilimchukia. Lakini mama, ambaye tangu msiba alikuwa hali wala haongei, alianza kuongea naye, kisha akaanza kula.

Kila kipupwe paka alizidi kuwa mweusi, mwili mzima. Majirani wakanong'ona kwamba huyo ni mtoto wetu, amerudi na giza lake. Jumapili moja baada ya ibada, baba alimtia guniani, akampa dereva wa lori la mbao la Shume amshushe Mombo, kule bondeni. Mama akarudi kitandani.

Miezi ikapita. Asubuhi moja ukungu ulikuwa umefika kizingitini, nikasikia mtoto analia nje. Nikafungua. Alikuwa yeye, amekonda, lakini mweupe vilevile kama siku ya kwanza, kana kwamba ile miaka haikupita. Nywele zilinisimama. Nilifunga mlango, nikauegemea.

"Nani huyo?" mama aliuliza kutoka chumbani.

"Paka wa watu, mama. Mweupe. Siye wetu."

"Sauti ni yake."

"Siye, mama."

Paka akalia, akalia, akaacha. Mama alipojikongoja hadi mlangoni na kunisogeza, palikuwa na ukungu tu.

"Mombo kuna joto, mwanangu," alisema taratibu.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Mama tulimzika kabla mahindi hayajakomaa, kando ya kaburi la mtoto. Mchungaji akiwa anaomba, kichanga kililia mle ukunguni. Waombolezaji walidhani ni mtoto wa mmoja wao, hawakuinua vichwa. Tuliogeuka ni mimi na baba.