Aliyewapiga Picha Farasi wa Nyikani, Sasa Awarushia Mawe

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi ya Januari. Jua linachungulia nyuma ya mlima, na Lorna Etcheverry amezima injini ya pikapu yake katikati ya nyika iliyojaa theluji. Ameshusha kioo cha dirisha. Baridi inauma masikio. Lenzi yake ndefu ameilaza juu ya mfuko wa maharage makavu ili isitikisike.

Upande wa pili wa bonde wamesimama farasi-mwitu saba. Leo hawaparui theluji kwa kwato kutafuta nyasi kama kawaida yao. Wamenyanyua vichwa, na masikio yote yameelekea kwenye pikapu.

Kisha wanaanza kuja.

"Mh! Wananijia," ananong'ona. "Kwa nini wananijia?"

Mtu mwingine angeshangilia na kubonyeza kamera. Lorna anaiweka kamera kitini, anapandisha kioo na kufunga mlango kwa ndani, kana kwamba wanaokuja ni majambazi.

"Farasi wa nyikani akikufuata, ujue kuna mtu kamfanyia kitu," anasema. "Hapo hapo nikajua tumeingiliwa."

Lorna, mwenye umri wa miaka sitini na moja, ni dereva wa basi la shule katika mji mdogo wa Sagehen, Nevada. Siku za kazi ni za watoto wa watu. Wikiendi ni za farasi, tangu mumewe Ray alipofariki na nyumba ikawa kimya mno. Anawajua mmoja mmoja kwa mabaka meupe ya usoni. Kiongozi wao ni jike mzee wa rangi ya kijivu, ambaye Lorna alimpa jina la mama mkwe wake, Dolores.

"Ubishi ule ule," anasema. "Hata kutembea, wanatembea sawa."

Wapiga picha wa farasi hawa wana miiko yao. Husogei karibu. Hulishi. Na juu ya yote, huonyeshi mlima kwenye picha. Theluji na mbingu, sawa. Kilele, hapana. Mwenyeji wa nchi hii akiona kilele tu anajua farasi wako bonde gani, na si kila anayewatafuta anakuja na kamera. Wengine huja na trela, kuwanasa na kuwauza.

Asubuhi ile Lorna alingoja kundi lichoke kumzunguka na kuondoka, ndipo akaenda kwa miguu hadi kwenye chemchemi wanakonywea maji. Pale alikuta alama za gari lenye magurudumu mawili mawili nyuma. Alikuta na mabaki ya majani makavu yaliyokanyagwa kwenye theluji, na kipande cha kamba ya plastiki ya rangi ya machungwa, ile ya kufungia marobota ya majani.

Watu wa huku wanajua farasi wanavyonaswa. Wiki za kwanza unawawekea majani tu. Wakishazoea, unaleta vyuma vya uzio, kimoja leo, kingine kesho kutwa. Siku ya mwisho unafunga lango.

Nani, basi? Lorna hakuumiza kichwa. Jirani yake Verl Tibbets ni mfugaji wa ng'ombe, ana ghala la majani, ana pikapu ya magurudumu mawili mawili, na katika kila mkutano husimama kulalamika kwamba farasi wanamalizia ng'ombe wake malisho. Ushahidi gani tena?

Alimkuta akivunja barafu kwenye birika la ng'ombe.

"Verl, unawafanyia nini farasi?"

"Habari za asubuhi na wewe pia, Lorna."

"Usinizungushe. Nani anapeleka majani kwenye chemchemi?"

Verl aliegemea shoka lake akacheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Hilo ndilo nililotaka kukuuliza wewe. Mke wangu kaona majani pale wiki iliyopita. Akasema, 'Lorna huyo. Upweke umemzidi, sasa anawalisha.'"

"Mimi? Mimi niwalishe?"

"Sasa niwalishe mimi? Kwa ukame huu? Ng'ombe wangu mwenyewe nawapimia kama dawa, nikawape karamu hao walaji bure wako?"

Jicho la Lorna lilikuwa limeshavuka bega la Verl na kutua kwenye mlango wa ghala.

"Ingia ukatazame," Verl akasema. "Usichungulie kama kuku."

Na kweli akaingia. Hakuona haya hata kidogo. Akakuta marobota makubwa ya mviringo, yote yamefungwa kwa wavu. Kamba ya rangi ya machungwa hakuna, hata uzi.

"Umeridhika?" Verl akamuuliza.

"Bado."

"Basi na mimi bado," akasema mzee, akarudi kwenye barafu yake.

Jumamosi iliyofuata Lorna alificha pikapu nyuma ya miti ya mireteni juu ya chemchemi, akajifunika blanketi na kungoja. Hakuwa peke yake. Verl alikuwa ameketi kando yake, kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake alinde bila yeye kuwepo. Waligawana kahawa.

Mchana, gari likaja. Lilikuwa jeupe, refu, lile la wasafiri lenye kitanda na jiko ndani, magurudumu mawili mawili nyuma. Akashuka bwana wa makamo na mkewe, wamevaa makoti mapya. Wakaanza kushusha marobota madogo yenye kamba ya rangi ya machungwa.

Lorna aliteremka mlima akiwa tayari kwa vita. Yule mama alipomwona akapiga makofi kwa furaha.

"Stuart! Ni yeye! Ni Lorna mwenyewe!"

Jina lake ni Gwen. Yeye na mumewe ni wastaafu kutoka California, na walikuwa wamenunua picha aliyoipiga Lorna, yenye jina na sura yake nyuma, kwenye kituo cha mafuta cha Sagehen anakoziuza. Gwen akaitoa kwenye simu kuonyesha: Dolores kwenye theluji, mbavu zinahesabika. Chini Lorna alikuwa ameandika, "Februari ya njaa."

"Nilipoiona nililia," Gwen akasema. "Nikamwambia Stuart, hatuwezi kukaa tu."

Lorna hakuwa akimtazama Dolores. Alikuwa akitazama kona ya juu ya picha. Kilikuwapo kilele cha mlima, kilichopasuka katikati, chekundu kwa jua la jioni.

"Mwanga ulikuwa mzuri mno," anasema leo, sauti imeshuka. "Nikajiambia, kwani kidogo tu kitamdhuru nani?"

Wawili hao walikuwa wamemuuliza muuza mafuta mlima ule uko wapi, wakaelekezwa. Tangu kabla ya Krismasi walikuwa wakija.

Wakiwa bado wanaongea, kundi likaja mbio. Dolores alipita kati ya watu akaingiza kichwa kizima ndani ya gari, kisha akageuka akala kwenye kiganja cha Gwen.

"Mnaona?" Gwen akasema, uso unang'aa. "Hawaogopi tena!"

Verl akavua kofia. "Mama," akasema polepole, "mimi siwapendi hawa wanyama. Lakini hiki ulichowafanyia, mimi nisingewafanyia."

Waliambiwa ukweli wote pale pale: kwamba farasi anayelikimbilia gari hugongwa barabarani, au huondolewa nyikani na serikali, au huingia mwenyewe kwenye trela ya yeyote mwenye robota. Gwen alilia. Stuart alirudisha marobota garini, na hawajaonekana tena.

Tatizo limebaki kwa farasi.

Ndiyo maana sasa, kila Jumamosi na Jumapili, Lorna anakuja na debe la kokoto badala ya kamera. Verl naye huja na mbwa wake wawili, na hafichi furaha yake. "Miaka yote nawafukuza nikiitwa katili," anasema. "Leo naitwa rafiki wa farasi."

Gari likisimama, kundi linakuja. Honi inapigwa, debe linatikiswa, mbwa wanaachiwa. Sita sasa wanakimbia.

Dolores hakimbii. Anasogea hatua chache, anasimama na kugeuka, anamtazama mwanamke ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kumfanyia ubaya. Lorna anaokota jiwe. Linampata begani. Jike anashtuka, anarudi nyuma kidogo, kisha anasubiri tena.

"Nenda, mama. Nenda zako, tafadhali!" Lorna anapiga kelele, machozi yakimganda mashavuni. Anaokota jingine.

Picha za karibu hataki tena. Anasema mwakani atafurahi akipata matako tu, tena ya mbali, yanayokimbia. Anaulizwa, na Dolores je?

"Akiniona anichukie," anasema. "Anichukie mimi, na kila mwenye gari. Sina lingine ninalomwombea."