Makofi ya Picha

Katika kigango chao, pale juu kabla barabara haijateremka kwenda Muze, Monika ndiye aliyesadikiwa. Akisema padre anakuja, watu hupiga pasi nguo zao. Marehemu mumewe alizoea kusema neno la Monika unaweza kuliweka ghalani, haliliwi na dumuzi.

Basi Flavian alipotaka watu, alimwendea yeye. Kijana huyu alikuwa mtoto wa ubatizo wa Monika, na sasa alisimamia mpango wa serikali wa kupeleka maigizo na ngoma vijijini bure, ili hata mtu wa mbali aone sanaa ya nchi yake.

"Ninachohitaji ni watu tu, Mama. Wakikosekana, siku yenu itapewa kijiji kingine."

"Na bibi yako ataona?"

Bibi huyo alikuwa Agnesi, mama mzazi wa Monika, miaka themanini na tisa, miguu imeshakataa. Usichanani mwake waigizaji waliwahi kufika misheni ya mjini, yeye akaachwa shambani kufukuza ndege kwenye ulezi. Wenzake walirudi wakacheka wiki nzima, kicheko ambacho yeye hakukijua. Hamu ile hakuizika.

"Atakaa mbele kabisa," Flavian alisema. "Kiti nitakiweka mwenyewe."

Ilikuwa Juni, ulezi unavunwa. Monika alipita nyumba kwa nyumba akiwasihi waweke visu chini siku moja tu. Wakaweka. Hata Malimi, mfugaji aliyetoka Usukumani, alifungia ng'ombe wake zizini.

Siku ikafika, upepo unakata masikio. Agnesi alibebwa na kiti chake, amevaa kitenge cha Pasaka, na kweli Flavian alikipokea kiti akakiweka mbele. Flavian na waigizaji wake wakalishwa ugali na maharage, wakashiba. Kisha Flavian akasimama na kamera.

"Wazee wangu, tuanze na picha. Pigeni makofi kama watu waliofurahi!"

"Tunashangilia nini, kijana?" aliuliza Isdori, ambaye mdomo wake haukosi neno. "Hata mpishi hasifiwi chungu hakijafunuliwa!"

Watu wakacheka. Monika akaona aibu kwa ajili ya mgeni. "Jamani, tusimvunje moyo mtoto wetu. Tupige makofi."

Wakapiga. Agnesi alipiga kuliko wote, mikono juu, kinywa wazi bila jino hata moja. Kisha ikaja karatasi.

"Ya mahudhurio tu, Mama."

Monika akaandika jina lake polepole, kwa mwandiko wa darasa la saba. Hakusoma. Angesomaje karatasi ya mtoto aliyembeba mwenyewe kwenye ubatizo?

Wino haujakauka, waigizaji wakaanza kupakia vitu garini. Jenereta imegoma, walisema, na mjini wakubwa wanawasubiri. Watarudi wiki ijayo.

"Kumbe siku hizi ngoma nayo inakunywa petroli?" Isdori alisema. Safari hii hakuna aliyecheka.

Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Monika akashuka mjini hadi ofisini kwa Flavian.

"Shikamoo, Mama." Hakuinuka. Akamwonyesha karatasi: watu mia mbili na kumi na watatu walitazama onyesho la saa mbili. Chini, jina la Monika.

"Zamu yenu imeshapita. Sasa ni vijiji vingine."

"Flavian, hatukuona kitu."

"Karatasi inasema mmeona. Nikiibadilisha, kazi sina. Nielewe, Mama."

Ukutani palikuwa na picha kubwa: Agnesi, mikono juu, anacheka.

"Imependwa sana hiyo," Flavian alisema kwa sauti ndogo.

Monika aliitazama mpaka macho yakamjaa. "Ulipokuwa mchanga hujui kusema, mimi ndiye niliyekujibia mbele ya padre," alisema. "Nilisema unamkataa shetani na fahari zake zote. Nilikusemea, Flavian." Kijana akaishika simu yake, akaitazama.

Monika alipofika nyumbani alimkuta mama yake anaota jua, kitenge cha Pasaka kimekunjwa mapajani.

"Wamesema lini?"

Neno "kesho" lilimjia Monika ulimini, jepesi, tamu. Akamwomba Mungu nguvu, akapiga magoti.

"Hawaji, mama. Walikuwa wanataka makofi yetu tu."

Agnesi akaigeuza mikono yake, akavitazama viganja.

"Na mimi," alisema, "nilipiga kweli."