Bi Mdogo wa Basi

Mwanamume niliyemtaka alikuwa na basi bovu, na baba yangu hakumtaka kwa sababu ya basi hilo. Nikisimulia leo watu hudhani natania. Sitanii. Posa yake ilikaa nyumbani kwetu Malindi miezi na miezi bila jibu, si kwa sababu ya ukoo wala mahari, bali kwa sababu ya betri.

Lilikuwa basi la abiria lililochoka, akalinunua na kuligeuza kuwa basi la arusi. Viti vya nyuma alivingʼoa, akaweka mabenchi ya kutazamana ili wanawake wapate uwanja wa kuchezea. Ndani akafunga taa za rangi, juu ya paa spika mbili zenye midomo mipana, na mahali pa bibi arusi akaweka feni. Katika miaka ile ya themanini hakukuwa na arusi ya maana kutoka Malindi hadi Kilifi isiyolitaka. Wasichana wenzangu walilipenda kwa muziki wake. Mimi nilimpenda dereva, tena kwa jambo moja: kila tulipokaribia nyumba yenye matanga alizima muziki kabla hatujafika, hata kama bibi arusi mwenyewe yuko katikati ya kucheza. Hakuna aliyemwamuru kufanya hivyo.

Ubaya ni kwamba muziki, taa na feni vyote vilinyonya betri ile ile ya kuwashia injini. Basi likishinda uwanjani likiimba, wakati wa kuondoka lilikuwa halina pumzi. Kwenye arusi moja ya Matsangoni ilibidi wazee walisukume, kanzu wamezipandisha hadi magotini. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi nyumbani kifua chote cha kanzu kimepigwa moshi mweusi, mama akaifua hadi akakata tamaa.

"Basi lake limemshinda kuliwasha," baba alisema. "Jiko la binti yangu ataliwasha na nini?"

Maneno hayo hayakuchelewa kufika Kibarani, kule Kilifi, alikokuwa akiishi mwenye basi. Hakukasirika. Alikwenda kwa fundi wa umeme wa magari hapa Malindi kuomba shauri. Fundi akamweleza kwamba basi lina alteneta moja tu, yaani kile chombo kinachozungushwa na mkanda wa injini kikaijaza betri umeme. Dawa ni kuongeza ya pili, yenye mkanda wake na betri yake, ihudumie muziki, taa na feni, ile ya kwanza iachiwe kazi ya injini.

Sasa, fundi huyu alikuwa na wake wawili, na mambo yote ya kazi aliyasema kwa lugha ya nyumbani kwake. "Basi lako lina mke mmoja na kazi ni za wawili," alimwambia. "Lioze wa pili. Lakini kila mmoja na nyumba yake, nyaya zisichanganyike, au utakosa raha." Tangu siku hiyo, pale gereji, alteneta iliyokuwa ikitafutwa iliitwa bi mdogo. Hayo mimi nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule kwetu hakuna aliyeyajua.

Siku moja, watu wakitoka msikitini baada ya sala ya alasiri, fundi alimwona ami yangu, akamwita.

"Ukimuona yule bwana wa basi, mwambie bi mdogo wake kapatikana. Katoka Mombasa, yuko kwangu. Kazeeka kidogo, lakini nguvu anazo. Aje amchukue upesi, mimi sina pa kumweka."

Ami alifika nyumbani viatu amevivaa upande. Akamweleza baba, na chumvi kidogo akaitia.

"Hajaoa wa kwanza, ashapata wa pili?" baba aliuliza.

"Tena mzee," ami alisema.

Shangazi alishika kichwa. "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja."

Siku ile niliichukia methali hiyo. Nikaenda kulala nimeuelekea ukuta, nikalia, na kilio changu kilikuwa cha hasira zaidi ya huzuni. Mzee, wa kutoka Mombasa! Angalau angekuwa mbichi ningejua nimeshindwa na nini.

Baba akampelekea mwenye basi salamu kwamba anamwita. Kesho yake, jua limeanza kupoa, basi likasimama mlangoni kwetu. Alishuka yeye na fundi, nguo zao zimejaa grisi, nyuso zinacheka. Maskini, alidhani ameitwa kupewa jibu la posa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba aliitikia kwa shida. "Tumesikia umepata bi mdogo."

"Alhamdulillahi! Nimehangaika sana kumtafuta. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kumuona."

"Umemleta kwangu?"

"Yumo humo ndani ya basi. Nimeshamfunga."

"Umemfunga?"

"Kwa bolti, baba. Hangʼoki."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama. Ami aliitazama dari kana kwamba inavuja. Baba hakucheka. Alitoka nje, fundi akafungua boneti, akamwonyesha bi mkubwa na bi mdogo, kila mmoja na mkanda wake. Walikuwa wamelizungusha basi hadi Gede na kurudi ili betri ya muziki ishibe.

"Wake nimewaona," baba alisema. "Sasa tuone kama wanaelewana. Zima injini. Piga muziki, washa taa, washa feni. Karibu na magharibi utaliwasha. Likiwaka, tutazungumza. Lisipowaka, nenda salama."

Mtaa mzima ukajaa mlangoni kwetu. Wanawake walicheza arusi isiyo na bibi arusi. Mimi nilikaa dirishani, na kila kaseti ilipogeuzwa niliona kama inayoliwa ni mimi, si betri. Niliogopa kweli kweli. Nilijua baba akishasema neno halirudi.

Kabla ya adhana alizima muziki, akapanda kwenye usukani. Alipozungusha ufunguo, injini ilikohoa, ikanyamaza. Wanaume wakaanza kupandisha kanzu, kwa mazoea tu.

"Hakuna kusukuma!" baba alisema.

Akazungusha tena. Basi likanguruma, moshi ukajaa njia nzima, vigelegele vikapigwa hadi nyumba ya pili. Nililia mbele ya watu bila haya.

Baada ya sala baba aliingia chumbani kwangu, akaketi ukingoni mwa kitanda. Kwetu mwanamwali akiulizwa kama anamtaka mume hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Mama alikuwa amenifundisha: inamisha uso, uma pindo la leso, usifungue kinywa. Yeye, shangazi na ami walikuwa wamesimama mlangoni wakisubiri kimya changu.

Baba akakohoa. "Mwanangu, yule kijana wa basi..."

"Namtaka, baba."

Shangazi alijishika kifua. Baba alinitazama, midomo inamcheza. Kisha akasimama, akawageukia waliokuwa mlangoni.

"Amenyamaza," alisema. "Mpeni kijana jibu lake."