Furu wa Mwamba wa Suguti

Eufrasia alizaliwa Bunda, akasomea samaki chuoni, akaajiriwa katika kituo kidogo cha utafiti Musoma mwaka 1982. Alichunguza furu, visamaki ambavyo hakuna anayempikia mgeni.

Huko Suguti kulikuwa na mwamba ulioingia ziwani. Alivaa miwani ya kuogelea, akalala kifudifudi majini, uso chini, saa nzima bila kutikisika. Ndipo akaona majike wakipokezana zamu: mmoja akienda kula, mwenzake alibaki na vifaranga vya wote wawili. Hatari ikija alipanua mdomo, nao wakaingia wote, wake na wa mwenzake.

Alipomsimulia Wanzagi, mvuvi wa pale aliyekuwa akimpigia kasia, Wanzagi alicheka kidogo. "Wake wenza wa kwetu hawafanyagi hivyo, dada."

Ilikuwa miaka ya dhiki. Petroli haikuonekana, injini ya boti ya kituo ilipata kutu. Eufrasia aliandika nyuma ya fomu za zamani kwa kukosa karatasi. Na sangara, samaki mkubwa anayekula wenzake, alikuwa amefika. Mwaka 1984 mwamba ulikuwa na makundi kumi na tisa ya furu. Miaka miwili baadaye, manne. Jike aliyebaki peke yake alilinda mpaka njaa ikamshinda. Akiondoka tu, vifaranga wameliwa.

Mwaka 1987 lilibaki kundi moja. Asubuhi moja alikuta wavu wa matundu madogo umezungushwa kwenye mwamba, na Wanzagi ameinama juu ya debe. Ndani ya debe furu walikuwa wakitweta.

"Baba Pelagia, hao ni wale wangu?"

"Ndio hao, dada. Nawatia kwenye ndoana, chambo cha sangara."

"Ulijua ni wa mwisho."

"Nilijua. Kwingine nimetafuta, hakuna." Hakuinua macho. "Mwanangu Pelagia amelazwa. Hospitali dawa zimeisha, wanasema tukanunue wenyewe. Sangara mmoja mkubwa, nikimuuza sokoni Mwigobero, ananipatia hiyo dawa."

Furu wa mwamba ule, Eufrasia mwenyewe ndiye aliyemwonyesha Wanzagi. Alimsaidia kukunja wavu, akarudi Musoma. Hakukanyaga tena Suguti.

Miaka ya tisini serikali ilipunguza wafanyakazi, naye barua ikamfikia. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa; akapata kazi katika kimoja, ya kunusa sangara kujua kama wameanza kuoza, kabla hawajapakiwa kwenda Ulaya. Siku moja akamwona Wanzagi mlangoni na mzigo wa samaki, amezeeka.

"Habari za siku nyingi, Baba Pelagia. Pelagia naye, si ameshaolewa sasa?"

Wanzagi alitua mzigo. "Alikufa siku ileile ya wale furu, dada. Nilifika na dawa jioni, wameshamfunika."

Eufrasia alivua glavu. Wakakaa wawili ukutani, juani, mpaka msimamizi akaja kuuliza kwa nini samaki wameachwa chini.