Majina Kumi na Moja

Ofisini wanamwita Mama Leseni, wakidhani hasikii. Kazi yake ni kufungasha programu huria, zile ambazo waandishi wake huzitoa bure, ili wateja wazipakue, na hafungi kifurushi kabla hajafungua faili la leseni na kusoma majina ya walioiandika programu, kifuniko cha kalamu kikitembea juu ya kioo cha kompyuta, midomo ikicheza bila sauti. Chai yake hupoa kila siku.

Leo kifuniko kilisimama. Majina yote kumi na moja yalikuwa yamefutwa, na mahali pake limekaa jina moja, la kampuni. Aliibeba kompyuta hadi mezani kwa meneja.

“Nilikuwa napunguza uzito wa kifurushi tu, mama,” meneja alisema, macho kwenye simu. “Nani anasoma faili hilo?”

“Mimi.” Sauti haikupanda. “Watu hawa wametupatia jasho lao bure, bosi. Wameomba kitu kimoja tu, tusiwafute.”

“Uzito, mama. Uzito.”

Akarudi kitini, akayarudisha majina yote kumi na moja, kisha akaing’oa kifurushini picha ya nembo ya kampuni, nzito mara mia tatu kuliko majina hayo, akatuma. Kifurushi kilipungua kweli. Chai akainywa ikiwa baridi, kwa mkupuo mmoja.