Mgeni wa Saa Tatu na Robo

Ofisini tulimwita Kimya. Kazi yake ilikuwa kutunza ukurasa wa maktaba kwenye mtandao. Mkewe alishaondoka zamani, na chakula cha mchana alikula ghorofani ameielekea kompyuta, akiwapa wenzake mgongo. Mimi nilikaa mapokezi, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki, ndimi pekee niliyemsemesha.

Wenzake wote walishahamia kivinjari kipya, yeye kang'ang'ania cha zamani kama kupe. Kufungua ukurasa mmoja nacho, unaweza kwenda kunawa uso ukarudi. Siku moja bosi uvumilivu ukamwisha.

"Mtaalamu mzima, mzoga huu wa nini?"

"Kuna mtu anakitumia. Kila siku saa tatu na robo anafungua ukurasa wetu kwa hiki hiki. Nataka kuona anachokiona yeye."

"Mtu mmoja?"

"Kwani mmoja si mtu?"

Bosi akakata shauri: huyo mtu akikosa siku tano mfululizo, kivinjari kinafutwa na Kimya anachagua kipya kama wenzake.

Hakumjua mgeni wake. Mtandao ulimwonyesha saa na aina ya kivinjari, basi. Lakini alishamtungia maisha: bibi mmoja anayeishi peke yake, kompyuta kaachiwa na mwanawe. "Hachelewi hata dakika, dada," alikuwa akiniambia. "Watu wa nidhamu hiyo wamekwisha."

Jumatatu asubuhi nilichomoa waya fulani stoo nipate pa kuchomeka birika langu. Jumatano Kimya akashuka, macho mekundu.

"Dada, bibi haji. Siku ya tatu hii. Sijui kaanguka, sijui nani yuko naye."

Mchana nilirudi stoo kuchemsha maji, nikauona ule waya, nikaufuata. Nyuma ya maboksi kulikuwa na kompyuta kuukuu imebandikwa karatasi, mwandiko wa Kimya mwenyewe: *Usizime. Inajaribu ukurasa kila siku, saa tatu na robo.* Aliitega miaka mingi nyuma, akaisahau. Nikaichomeka. Haikuwaka. Nikaipiga kofi, wapi!

Mimi, nisiyeweza kutunza siri ya mtu hata mpaka saa ya chakula cha mchana, nilishindwa kumwambia. Nilimwonea huruma mpaka nikajikasirikia. Karatasi nikaitia kwenye pochi.

Alhamisi, saa tatu na robo kamili, nilifungua kivinjari kile cha zamani, ambacho kompyuta ya mapokezi ilikuwa bado nacho, nikaingia ukurasa wa maktaba. Nilikusudia kuchungulia na kutoka. Nikajikuta nasoma kitabu kimoja hadi kingine.

Kimya akashuka ngazi mbiombio.

"Kaja, dada! Tena leo kakaa dakika arobaini. Miaka yote hajawahi kukaa hata moja. Unadhani ana nini?"

"Labda hana wa kuongea naye," nikamjibu, nikanyanyua simu ambayo haikuwa imelia.