Nilivyomwonyesha Bwana Afya Chujio Langu

Chujio la mchanga na mkaa hapa gesti kwetu Tunduma nililijenga mwenyewe, ili maji ya bafuni yasafishe vyoo. Najivunia hadi leo. Bwana afya alipokuja kukagua kama tuendelee nalo au livunjwe, Mama Neema mwenye gesti akaniambia, "Mweleze, binti." Mimi mbele za watu ulimi huwa mzito. Nikachota kikombe, nikakiinua aone maji yalivyong'aa, kisha nikayanywa yote.

Dereva mmoja aliyekaa barazani akashtuka. "Dada, hayo si niliyoogea asubuhi?"

Bwana afya akafunga daftari. "Chujio libaki. Ila bandikeni tangazo kwamba maji haya hayanywewi, na huyu binti alisome wa kwanza."